Aulizwe Mwenyewe

Somo: Marko 10:46–52

  

Huku kwetu Eastlands, mjini Nairobi, uko mtaa uitwao Jericho, na jirani yake uko mtaa uitwao Jerusalem. Kwa hiyo watoto wetu wa shule ya Jumapili hawapati shida kuisadiki Biblia. Tukiwasomea kwamba Yesu alipita Yeriko, hutuuliza kama alipita upande wa sokoni au upande wa Barabara ya Jogoo. Nasi huwajibu kwamba popote alipopita, hapo kando ya njia aliketi kipofu mwombaji, jina lake Bartimayo, akipaza sauti.

Tunaomba leo mwangalie jambo moja katika habari hii ambayo sote tumeizoea. Watu waliomzunguka Bartimayo walikuwa na maneno mengi. Kwanza walimkemea anyamaze. Kisha, walipoona Bwana amesimama, wakageuka mara moja wakamwambia ajipe moyo na kuinuka, kwa maana anaitwa. Ni watu wale wale! Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza anataka nini. Aliyeuliza ni Yesu peke yake. Na swali lenyewe ni la ajabu. Mtu haoni, amekaa mavumbini na vazi lake, anaomba. Nani asiyejua haja yake? Bwana wetu alijua yaliyomo mioyoni mwa watu, na hata hivyo akamwuliza, akangoja ajibiwe.

Bartimayo alijibu kwamba anataka kuona, naye akapewa. Lakini tusije tukafikiri kwamba kwa kuwa Bartimayo alijibu hivyo, basi kila kipofu amekwisha kujibu.

Sasa yako mambo ambayo yatupasa kuyasema hadharani, kwa maana tuliyatenda hadharani. Miaka kadha iliyopita katika kanisa letu alikuwako msichana wa miaka kama kumi na minne hivi. Jina lake hatutalitaja. Alipofuka angali mdogo, baada ya kuugua surua. Mama yake hukaanga mandazi kando ya barabara, na kila Jumapili alimleta binti yake akamkalisha kiti cha mbele, upande wa kinanda. Ibada ikiisha, msichana alinyosha mkono akagusa vile vibao vya kinanda polepole, kimoja kimoja, na mpiga kinanda wetu akamfukuza asije akakiharibu. Sisi tuliona, tukanyamaza. Kinanda kile kilinunuliwa kwa harambee, na deni lake lilikuwa bado.

Ndipo ukaja mkutano wa uamsho wa siku tatu, na mhubiri mgeni. Usiku wa kwanza tukamwita yule msichana mbele, tukamwekea mikono. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu mhubiri akainua vidole vyake mbele ya uso wa mtoto, akamwuliza ni vingapi. Watu wote wakanyamaza. Msichana akasema vitatu. Vilikuwa viwili. Mhubiri akatuambia kwamba imani yake ni haba, au labda iko dhambi iliyofichwa nyumbani. Nasi tuliovaa kola, tuliosoma Yohana sura ya tisa chuoni pamoja na maelezo yake yote, hatukusema neno. Jumapili iliyofuata kile kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Ikapita Jumapili nyingine, na nyingine.

Katika siku hizo tulimkumbuka mwanamke mmoja ambaye habari zake tulizisoma tulipokuwa chuo cha theolojia, katika kitabu kikuukuu cha historia ya muziki kilichokuwa maktabani. Wakati ule tulizisoma kwa kujifurahisha tu. Sasa tukazitafuta tena, na hatukufurahi.

Maria Theresia von Paradis alizaliwa mji wa Vienna, nchi ya Austria, tarehe 15 Mei 1759. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya malkia. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu na miezi kadha alipofuka, na husimuliwa kwamba alilala akiona, akaamka haoni. Wazazi wake, tuwape haki yao, hawakumficha chumbani. Walimtafutia walimu, na walikuwa walimu wakubwa wa mji ule: Kozeluch alimfundisha piano, na Salieri akawa miongoni mwa waliomfundisha kuimba na kutunga. Malkia aliposikia anavyopiga, akampa posho. Hakuwa na kitabu cha noti cha kusoma. Mtu alimpigia, naye akasikia, akashika. Imeandikwa kwamba alizishika kichwani zaidi ya koncheto 60, yaani tungo ndefu za piano na okestra, ambazo moja yaweza kuchukua nusu saa. Wanakwaya wetu wanaosahau ubeti wa tatu wasikie hayo.

Lakini mji mzima ulikuwa na shauri moja tu juu yake, kwamba aone. Waganga wa mfalme walimshughulikia kwa miaka. Walimwekea miruba. Walimfunga kichwa kwa plasta mpaka ngozi ikaharibika. Walimpitishia umeme machoni, mara nyingi mno, mtoto akawa anatetemeka na macho yamemtoka. Hawakuwa watu wabaya, na kila mmoja wao angekuambia alitaka mema.

Mwaka 1777, Theresia akikaribia miaka kumi na minane, alikuja daktari mwingine aitwaye Franz Anton Mesmer. Huyu alifundisha kwamba katika miili ya watu mna nguvu fulani kama ya sumaku, naye aliwapitishia wagonjwa mikono yake. Akamchukua Theresia akae nyumbani mwake. Baada ya muda ikatangazwa kwamba anaanza kuona, na baba yake akaandika kwa furaha mambo yaliyotokea. Msichana alipouona uso wa mtu mara ya kwanza aliogopa. Pua za watu zilimchekesha. Mbwa wa nyumbani alimpendeza kuliko watu. Haya yote aliyaandika baba. Lakini aliandika na jambo jingine. Alisema kwamba zamani binti yake aliweza kupiga koncheto nzima bila kosa huku akizungumza na watu, na sasa, akiwa amefumbua macho, hata kipande kidogo kilimshinda. Alivitazama vidole vyake vikicheza juu ya vibao, akavikosa. Akawa analia, akasema heri alivyokuwa kwanza.

Watu wakaja kumjaribu. Wakainua vitu mbele yake wakamwuliza hiki ni nini, hiki ni rangi gani. Mnaona kwa nini tulipofika hapo tulifunga kitabu.

Waganga wengine wakasema haoni kitu, ni uongo. Mesmer akasema anaona, ila wazazi wanaogopa posho ya malkia isije ikakatwa. Ugomvi ukawa mkubwa, wazazi wakaenda kumtoa binti yao katika nyumba ya daktari, pakawa na kelele na kuvutana hata kupigwa. Mwishowe akarudi kwao, naye alikuwa kipofu kama kwanza. Mesmer alihamia Paris, na mwaka 1784 tume iliyowekwa na mfalme wa Ufaransa, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Benjamin Franklin, ilitoa taarifa kwamba ile nguvu aliyoisema haipo. Katika ugomvi huo wote sauti ya daktari twaisikia sana, na ya baba, na ya wapinzani. Sauti ya msichana twaisikia kwa shida, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Lakini yako mambo aliyoyasema kwa mikono yake. Aliirudia piano. Mwaka 1783 akatoka Vienna pamoja na mama yake, wakasafiri muda wa miaka mitatu hivi katika Ujerumani, Uswisi, Ufaransa na Uingereza, kwa gari la farasi, barabara za wakati ule mnaweza kuzifikiri wenyewe. Walipita Salzburg, wakawazuru jamaa ya Mozart. Katika mji huo alikuwapo Maria Anna, dada yake mkubwa Mozart. Yeye alikuwa na macho mazuri. Alipokuwa mtoto alipiga piano mbele ya wafalme pamoja na ndugu yake, na watu wakawastaajabia wote wawili. Lakini alipokuwa mwanamwali, baba akamwacha nyumbani, akasafiri na mvulana. Basi yule asiyeona alikuwa safarini kwenda Paris, na yule anayeona alikuwa nyumbani Salzburg akimtunza baba. Akina baba mnaotusikiliza, tunalitaja hilo tukipita tu.

Paris, katika mwaka ule ule wa 1784, Theresia alipiga mbele ya watu mara 14, akasifiwa sana. London alipiga nyumbani kwa mfalme George wa Tatu, na mwana wa mfalme akapiga chelo pamoja naye. Tena Mozart alimtungia koncheto, kwa maana baba yake Mozart aliitaja katika barua, na wataalamu wengi hudhani ndiyo ile inayohesabiwa ya 18. Naye mwenyewe alitunga. Hapa tuwakumbushe ndugu zetu wapiga vinanda neno moja. Uko muziki mfupi wa huzuni, mtamu, uitwao Sicilienne, ambao hupigwa mahali pengi kwa jina la Paradis. Wataalamu wa siku hizi wanaona kwamba si wake, ulitungwa na mtu mwingine katika karne ya ishirini. Hata baada ya kufa, watu wameendelea kumsemea.

Sasa sikilizeni habari ya Paris, maana inafika mpaka kwetu. Katika mji huo alikuwako mtu aitwaye Valentin Haüy. Mwaka 1771 alipita penye maonyesho ya sokoni, akaona vipofu wamevalishwa kofia za kipuuzi na miwani mikubwa isiyo na kazi, wamewekewa karatasi za muziki mbele yao, wakapewa fidla wasizoweza kuzipiga, na umati unawacheka. Aibu ile haikumtoka moyoni. Miaka kumi na mitatu baadaye akaonana na Theresia. Huyu hakuvalishwa kofia na mtu. Alimwonyesha jinsi anavyosoma kwa vidole herufi zilizochomwa kwa pini, na jinsi anavyoandika barua kwa kichapo kidogo cha mkono alichotengenezewa na fundi Wolfgang von Kempelen. (Fundi huyo ndiye aliyetengeneza pia mashine iliyocheza sataranji ikawashinda watu, mpaka ikajulikana kwamba ndani yake amejificha mtu.) Haüy akaona kwa macho yake kwamba kipofu aweza kusoma, akifundishwa kwa njia ya vidole. Mwaka 1785 shule yake ya vipofu ilikuwa imeanza kazi Paris, ya kwanza ya namna yake.

Katika shule ile, mwaka 1819, aliingia mtoto wa miaka kumi aliyejichoma jicho kwa chombo cha baba yake fundi wa ngozi. Jina lake Louis Braille. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa amekwisha kupanga maandishi ya nukta sita, hizi tuziitazo nukta nundu. Mwaka huo ulikuwa 1824. Theresia alifariki Vienna tarehe 1 Februari mwaka huo huo. Braille naye alikuwa mpiga kinanda, alipiga kinanda cha kanisa huko Paris, na nukta zake akazipanga ziweze kuandika muziki pia. Kwa hiyo kipofu wa leo hana haja ya kungoja mtu ampigie kwanza ndipo ashike.

Na nukta hizo zilifika kwetu. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu walianzisha shule ya vipofu Thika, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa tunaposema. Baadaye zikawako na nyingine, Likoni, na Igoji kule Meru. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeyataja maandishi haya kwa jina lake, kwamba serikali iyaendeleze. Biblia nzima ikiandikwa kwa nukta ni rundo la vitabu vinene, rafu nzima. Tumeigusa. Vidole vyetu havikujua kitu, tukawa sisi ndio wasiojua kusoma.

Theresia mwenyewe hakubaki katika sifa. Mwaka 1797 opera yake ilichezwa Prague, haikupendwa, na baada ya hapo kazi yake ikawa zaidi kufundisha. Mwaka 1808 akafungua shule ya muziki ya wasichana huko Vienna, akawafundisha mpaka mwisho wa maisha yake. Siku za Jumapili wanafunzi wake walipiga muziki na watu wakaja kuwasikiliza. Kwa hiyo mama yule ambaye kila mtu alitaka kumtengeneza, ndiye aliyeketi kando ya watoto wa wenye kuona akawaelekeza mikono.

Basi tukaenda. Tulikwenda jioni, sisi na mke wetu, mpaka kile chumba kimoja wanachokaa. Mama alitukaribisha kwa heshima kuliko tulivyostahili, akatupangusia viti. Msichana alikuwa nje akiosha sufuria. Alipotusikia alinyamaza. Tukaomba radhi, kwa mama kwanza, kisha kwa mtoto. Halafu tukamwuliza, "Binti yetu, wewe mwenyewe unataka kanisa likufanyie nini?"

Akacheka kidogo. Akasema, "Pasta, hilo swali mbona siku ile hamkuniuliza?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea kukwangua sufuria yake, kisha akaanza kutuhesabia. Kwanza, watu waache kumvuta mkono kanisani kama mbuzi, wampe bega alishike mwenyewe. Pili, anataka mtu amwonyeshe ile do iko wapi katika kinanda, maana nyingine zote ataweza kuzitafuta. Tatu, anataka shule. Alikuwa ameacha darasa la pili kwa sababu mwalimu huandika ubaoni. Mama aliposikia la tatu akainamisha kichwa. Alikuwa hajui kwamba mtoto bado analiwaza.

Hilo la tatu lilitutoa jasho. Mwaka ule tulikuwa tumekwisha kufanya harambee ya vipaza sauti. Katika baraza la parishi lilizungumzwa jioni mbili, na mzee mmoja akasema waziwazi kwamba fedha za kanisa haziwezi kumwagwa kwa mtoto mmoja. Mama mmoja wa Chama cha Akina Mama akamwuliza vile vipaza sauti vitawasaidia wangapi wasikie kitu gani. Hapo pakawa na kimya. Vipaza sauti vikangoja.

Msichana sasa yuko shule ya bweni ya wasioona. Anasoma kwa vidole, haraka kuliko sisi kwa macho, tena gizani, jambo ambalo hupenda kumkumbusha kila mtu umeme ukipotea mtaani. Akiwa likizo hutupigia nyimbo za ibada, ila yatupasa kumpa namba za nyimbo mapema, siku ya Ijumaa, na mara nyingi tunasahau, kisha kosa linaonekana la kwake. Yule mpiga kinanda wetu wa zamani hakupendezwa, akaenda kanisa jingine. Tulimfuata mara mbili. Hajarudi.

Hatusemi, ndugu, kwamba Mungu haponyi. Yakobo ametuagiza tuwaombee wagonjwa, nasi tunaomba, na tumeona mengi. Yule msichana mwenyewe hutuomba tumwombee. Juzi aliomba maombi kwa ajili ya mtihani wa hesabu na kwa ajili ya mgongo wa mama yake. Habari ya macho hajaitaja. Akiitaja, tutaomba.

Na ninyi wazazi wa mitaa yetu, Kaloleni, Maringo, Bahati, Makongeni, Dandora, Kayole, tunajua kwamba nyuma ya pazia la vyumba vingine yuko mtoto ambaye wageni wakija huambiwa akae kimya. Jirani hawajui hata jina lake. Mtoto huyo mleteni Jumapili. Tena akiingia, ninyi wazee wa kanisa mlio mlangoni, msimwambie mama yake, "Huyu anataka kukaa wapi?" Mwambieni yeye.

Tuombe. Bwana Yesu, ulisimama njiani kwa ajili ya mtu mmoja, na umati wote ukakungoja. Utusamehe usiku ule wa tatu. Umsamehe na mhubiri yule, maana sisi ndio tuliomwalika. Umtunze binti yetu huko shuleni, na wenzake wote, na walimu wao. Umkumbuke mpiga kinanda wetu popote alipo. Na leo, tutakapokutana na mtu kando ya njia, utuzuie tusiseme kwanza. Amina.